Mdogo wangu yuko zimamoto na amebadilika sana, ni kazi imemchosha au ndo alivyoumbwa?

Dada wa Kwanza

Habari zenu wanajamvi. Naomba mnivumilie uzi utakuwa mrefu kidogo, na naomba sana wenye uzoefu wa majeshi na watu wa saikolojia wapite hapa.

Nina mdogo wangu wa kiume tumefuatana, ni askari wa zimamoto. Mkoa na kituo sitataja maana nataka kumsaidia sio kumharibia kazi. Huyu mtu toka utoto ni mtu wa kuwaza. Sio muoga, naomba mnielewe hapo. Mama akichelewa sokoni ye ndo anatoka mpaka barabarani kumsubiri, mtihani ukiisha sisi tunacheza ye bado anarudia maswali kichwani anatafuta alipokosea. Na kitu cha mtu ukimkabidhi hakipotei hakivunjiki. Alipoitwa depo kwenye mafunzo baba alifurahi sana akasema kazi imepata mtu, uokoaji unataka mtu anayejali.

Miaka ya mwanzo alikuwa anaipenda kazi mpaka raha, akitoka zamu anatusimulia hadi tunasahau chai. Saa hizi ni mtu mwingine kabisa. Wifi yangu ndo alinipigia akaniambia dada njoo ukae hapa siku chache uone mwenyewe, nikaenda. Anatoka zamu asubuhi halali, anakaa sebuleni na tivii imezimwa. Usiku anaenda kukagua mtungi wa gesi, anafunga regeleta, anarudi kitandani, baada ya muda anaamka tena kwenda kuishika kama imefungwa. Funguo ya kufuli la geti ameitundika kwenye msumari pembeni ya mlango, mtoto akiitoa tu kuchezea siku hiyo nyumbani hakukaliki. Alafu dirisha la chumba cha watoto alileta fundi akakata nondo akaweka kidirisha cha kufungukia ndani, nyumba ya kupanga hiyo, mwenye nyumba alikuja juu kweli kweli. Nilipomuuliza kwa nini hakuomba ruhusa kwanza akaniambia "dada we hujawahi kukuta watu nyuma ya nondo". Basi, hakuongeza neno.

Kinachoniumiza zaidi ni anavyowaongelea watu siku hizi. Zamani akisikia moto swali lake la kwanza ni watu wametoka? Juzi tumesikia nyumba imeungua mtaa wa pili akasema "wanaunganisha umeme kienyeji wenyewe alafu wanatupiga mawe sisi, waache waungue". Mbele ya watoto. Mimi huyo simjui.

Mkubwa wake mmoja kazini alishamwambia mbele ya wenzake kwamba we ni laini, zimamoto inataka vyuma. Hiyo kauli imemkaa, anairudia ye mwenyewe sasa, "labda mimi sifai".

Swali langu ni hili. Kuna kweli watu ambao kwa tabia zao hawafai hii kazi, au ni kazi ambayo hata ungemweka nani angefika hapo alipofika mdogo wangu? Na nifanyeje, maana nikitaja tu mwanasaikolojia ananijibu mnataka kunipeleka Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili.

Mtoto wa Tandale

Pole dada. Mi nakwambia ukweli kwa sababu hata mimi nimelelewa kota za jeshi nimeona mengi. Sio kila mtu ni wa kila kazi. Mtu wa kuwazawaza ukimpeleka kwenye maiti na moto kila wiki unategemea nini? Sio dhambi, ni maumbile tu. Kuna watu wanatoka kwenye ajali mbaya wanakuja kula ugali wanalala, hao ndo wa kazi hizo. Huyo atafutiwe ofisi au aache kabla hajaharibikiwa, ana familia. Na wanaoajiri wawe wanapima watu vichwa kabla ya kuwapeleka depo, sio kukimbia na kupiga pushapu tu.

Afande Mstaafu

Salaam dada. Mimi nimefanya kazi ya faya toka enzi zile za magari mekundu ya halmashauri na manispaa, kabla ya ile sheria ya 2007 iliyotufanya jeshi moja chini ya Mambo ya Ndani. Nimestaafu na cheo changu nashukuru Mungu. Naomba nimjibu huyu kijana wa Tandale kwanza kisha nije kwako.

Kijana wangu, hao unaosema wanakula ugali wanalala nimewaongoza. Wapo wa kweli, wachache, Mungu amewaumba hivyo. Ila wengi ugali ule wanausukuma na pombe. Nilikuwa na kijana kwenye zamu yangu, mchangamfu hakuna mfano, tukitoka kwenye tukio ndani ya gari ye ndo anachekesha mpaka dereva anashindwa kuendesha. Kila mtu alisema yule ni chuma. Ndo aliyekuja kuondoka kazini vibaya kuliko wote na mpaka anaondoka hakuna aliyewahi kumuuliza unalala? kwa sababu mtu anayecheka haulizwi. Na nilikuwa na mwingine wa kuwaza kama mdogo wako. Kabla ya zamu anapita kwenye kila mtungi wa hewa anasoma geji, kisha anazunguka anasoma tena. Wenzake walikuwa wanamcheka. Mimi nilimweka kwenye pampu. Dada labda hujui pampu ni nini kwetu: wenzako wameingia ndani na bomba, moshi mzito hawaoni hata mkono, maisha yao yako kwenye maji yanayotoka pale nje ulipo wewe. Lazima uangalie geji, usikilize mlio wa injini, ujue maji yamebaki kiasi gani na uwape ishara watoke kabla hayajakwisha. Pale sitaki mtu asiye na wasiwasi. Pale nataka mtu wa kuwaza. Zamu yote tulikuwa tunaingia ndani tumetulia kwa sababu tunajua nani yuko nje.

Kwaiyo hiyo ya "laini" mimi naikataa kabisa, na kiongozi kumwambia askari hivyo mbele ya zamu ni kumvunja mgongo.

Sasa nije kwenye kinachowamaliza watu. Raia mnafikiri ni moto. Moto wenyewe unazoeleka, tumefundishwa. Kinachomaliza ni vitu viwili. Cha kwanza ni sauti za watu. Mnakumbuka Kariakoo, Novemba 16, 2024, lile ghorofa lililoporomoka? Pale waokoaji wameongea na watu walio chini ya kifusi, wamewapitishia maji kwenye matundu, wametoa watu zaidi ya 80 wakiwa hai, na wako ambao hawakutoka. Askari aliyeongea na mtu kwa jina lake alafu asubuhi hajibiwi tena, huyo mwambie nani asahau? Au Msamvu pale Morogoro Agosti 2019, lori la mafuta lililolipuka, watu zaidi ya 100 wamekufa, na wengi hawakufa siku ile ile. Askari anamtoa mtu anaongea, anataja watoto wake, kesho yake anasikia kwenye redio amefariki Muhimbili.

Cha pili ni matusi. "Zimamoto mmekuja bila maji." Naomba leo niwaeleze watu wa humu maana hili linaniuma mpaka nimestaafu. Chukua gari la lita 5,000. Bomba moja likitoa lita 500 kwa dakika, ndani ya dakika kumi tanki limekauka. Ukifungua mawili ni dakika tano. Hapo gari limetoka kituoni limejaa. Baada ya hapo tunatakiwa tuunge kwenye haidranti ya mtaani, yaani bomba la maji la zimamoto, unakuta mtu ameijengea ukuta au imefukiwa na barabara, au njia yenyewe gari halipiti kwa sababu ya vibanda. Mwananchi aliyefika dakika ya kumi na moja anaona bomba limelegea, anaokota jiwe. Na anayepigwa ni yule askari ambaye dakika mbili zilizopita alikuwa ndani anamtafuta mtoto wa huyo huyo mtu. Anayejali ndo anaumia zaidi na hilo jiwe. Asiyejali anatukana naye maisha yanaenda.

Dada, mdogo wako kusema waache waungue ni mtu aliyejali muda mrefu mno bila mtu wa kumpokea. Sijui kitaalam inaitwaje, ila nimeiona kwa askari wazuri tu, wavivu hawaipati.

Mwalimu wa Haiba

Afande heshima yako, umesema mengi ambayo sisi tunayasoma kwenye majedwali.

Dada, mi nafundisha saikolojia ya kazi chuoni. Sio daktari, kwaiyo sitampima mdogo wako humu mtandaoni, ila swali lako la tabia na uchovu sugu wa kazi limechunguzwa sana na kuna majibu ya maana.

Kwanza hicho anachopitia kina sura tatu na umeziandika zote bila kujua. Christina Maslach wa Chuo Kikuu cha Berkeley na mwenzake Susan Jackson walitoa kipimo cha uchovu huo mwaka 1981 ambacho ndo kimetumika zaidi mpaka leo duniani. Sura ya kwanza mtu anaishiwa nguvu za ndani, analala anaamka amechoka vile vile. Ya pili anaanza kuwa mbali na watu anaowahudumia, anawaona mizigo au wajinga, hiyo "waache waungue" iko hapa na sio roho mbaya, moyo umejifungia ili usiumie tena. Ya tatu anaona hana anachokifanikisha, ndo hiyo "labda mimi sifai". Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lililiweka jambo hili kwenye orodha yake ya kimataifa likalieleza kama hali inayotokana na msongo wa kazini wa muda mrefu usioshughulikiwa, halikuliita ugonjwa. Maana yake mtu anapokuwa nayo swali la kwanza linaenda kazini, huko ndo pa kuanzia kuchunguza kabla hujamchunguza yeye.

Sasa tabia. Wanaopima haiba, yaani tabia ya mtu kwa ujumla, wanaangalia mambo makubwa matano: wepesi wa kupata wasiwasi na huzuni, uchangamfu, upole kwa watu, umakini wa kazi, na utayari wa kupokea mambo mapya. Katika hayo lile la kwanza ndo linaambatana na uchovu wa kazi kuliko mengine yote, karibu kila kazi iliyochunguzwa, na hasa ile sura ya kuishiwa nguvu. Wachangamfu na watu makini kwa wastani wanaonekana kuchoka kidogo kuliko wengine. Hapo kijana wa Tandale atasema si nilisema? Subiri.

Tafiti nyingi za aina hii zinamuuliza mtu siku moja tu. Mtu aliyechoka na asiyelala miezi mingi ukimpa karatasi ya maswali ya haiba atajibu kama mtu mwenye wasiwasi hata kama hakuzaliwa nao. Kwaiyo sehemu ya uhusiano huo ni kazi imeshaandika juu ya mtu. Na hata pale wasiwasi ni wa kuzaliwa, unaonyesha nani ataumia mapema kwenye mazingira mabovu. Mazingira yakiwa mazuri mtu huyo huyo anakaa miaka na anafanya kazi kwa usahihi kama yule wa kwenye pampu.

Kuna jambo lingine mi ndo lingenipa hofu kuliko wasiwasi wenyewe. Johan Denollet, mtafiti wa Ubelgiji aliyekuwa anafuatilia wagonjwa wa moyo, aliona kati yao walio hatarini zaidi ni wale wenye vitu viwili kwa pamoja, mawazo mabaya mara kwa mara na tabia ya kutoyatoa mbele za watu. Mwenye wasiwasi anayesema, anapumua. Mwenye wasiwasi anayenyamaza ndo anazama. Sasa angalia umeandika nini, zamani alikuwa anasimulia mpaka mnasahau chai, siku hizi sentensi moja ya nondo kisha kimya. Wasiwasi wake ni ule ule wa utotoni, kilichobadilika ni kusema. Mi ningeanzia hapo.

Na usingizi jamani, usingizi haupewi uzito wake. Marekani walipima karibu askari wa zimamoto 7,000, matokeo yakatoka 2015, asilimia 37 hivi walionekana na dalili za tatizo la usingizi na wengi wao walikuwa hawajui. Mtu anayeruka kitandani kwa king'ora miaka na miaka mwili unajifunza kutolala hata akiwa kwake. Ukikosa usingizi hata mtu mtulivu anakuwa na hasira na woga, mkimtazama mnasema ndo tabia yake.

Mwanafaya wa Pwani

Hamjambo nyote, mimi niko Kenya, kaunti moja huku Pwani, ni fireman hadi leo. Huku kwetu tangu katiba ya 2010 zimamoto iko chini ya kaunti, kwa hivyo kaunti yenye pesa ina magari na watu, na nyingine utapata kituo kimoja watu wachache na eneo kubwa mno. Nimesoma hii stori ya huyu ndugu nikahisi ni mimi.

Mimi si mtu wa wasiwasi, niko tu sawa, napenda watu, napenda kelele. Lakini nilichoka pia. Ilianza kwa simu za uongo. Mtu anapiga usiku wa manane eti nyumba yachomeka, mwatoka mbio, mwafika pale ni watoto wanacheka. Ukirudi mara nyingi hivyo, siku ya moto wa kweli miguu inakuwa mizito, na hapo ndipo nilijiogopa. Kwa hivyo yule anayesema ni watu wa kuwaza pekee, hapana ndugu yangu, sisi wenye mdomo pia twachoka, tofauti ni kwamba mimi nilionekana mapema kwa sababu nilikuwa mkali waziwazi.

Kilichonisaidia ni kiongozi wetu wa zamu, mama mmoja mtulivu sana. Yeye ana sheria yake, tukitoka kwa tukio baya hakuna kwenda nyumbani moja kwa moja. Twaosha vifaa pamoja, twakunja mipira ya maji, twakaa kwa benchi twanywa chai ya tangawizi. Halazimishi mtu kusema. Atakuuliza tu umekula? Ukisema hapana ataagiza mahamri. Wengine hutoa maneno palepale, wengine siku ya tatu wanamfuata pembeni. Na yule aliyeshika mtoto hatampanga mbele kwa tukio linalofuata, atampa kuendesha au redio, bila kutangaza. Hakuna anayejua kama ameondolewa. Hiyo heshima ndiyo imetuweka wengi kazini.

Dada wa Kwanza

Nawashukuru sana, nimesoma hapa machozi yananitoka. Afande umenifungua kuhusu hayo maji, mimi mwenyewe nilikuwa naamini wanakuja na matenki matupu na mdogo wangu hajawahi kunibishia.

Naomba kuuliza tena. Mwalimu umesema shida ni kunyamaza, sasa nimkalishe kikao cha familia aseme yote? Baba yuko tayari, na mchungaji pia. Na afande, hii ya kuhamishwa kitengo inawezekana kwa askari wa kawaida bila kuonekana ameshindwa kazi? Ye mwenyewe hataki kuacha, nilimuuliza, alisema akiacha atakuwa amewaacha wenzake wachache zaidi.

Mtoto wa Tandale

Nimewasoma wakubwa. Lakini mwalimu, kwaiyo kupima watu kabla ya kuajiri hakuna maana? Mi bado naona ingewaepusha wengi.

Mwalimu wa Haiba

Ndugu wa Tandale, kupima kuna maana kwa kiasi, mtu mwenye shida kubwa ajulikane mapema apate msaada. Ila ukitumia kipimo cha haiba kuwatoa wote wenye wasiwasi, siku ya usaili kila mtu atajibu kwamba haogopi kitu, watu wanajua kinachotakiwa. Utabaki na wanaojua kuficha, na hao ndo tumesema wako hatarini zaidi. Afadhali ujue haiba ya kila askari kwa ajili ya kumpanga, kama afande alivyofanya kwenye pampu.

Dada, kikao cha familia hapana. Tafadhali msifanye hivyo. Zamani ilionekana ndo dawa, Jeffrey Mitchell wa Marekani, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa zimamoto, alieleza mwaka 1983 utaratibu wa kuwakusanya waokoaji baada ya tukio wasimulie, na ukaenea nchi nyingi. Mapitio ya tafiti yaliyotoka 2002 yakaonyesha kumkalisha mtu kikao kimoja asimulie hakumzuii kupata madhara baadaye, na kuna waliozidi kuumia. Kinachosaidia ni kile cha yule mama wa Pwani, mtu kuwa na wenzake, ale, apumzike, na awepo mmoja anayeaminika wa kumwambia akitaka mwenyewe. We ni dada yake, kaa naye mkifanya kitu cha mikono, mkatie vitunguu, msindikize gereji. Ukimkazia macho hatasema.

Na kuhusu Mirembe mwambie hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kliniki ya afya ya akili, anaingia na kutoka siku hiyo hiyo. Aanze na usingizi, aseme silali, hiyo haina aibu kwa mwanaume yeyote. Lakini akianza kusema afadhali nisingekuwepo, au akianza kuagana na watu kwa namna isiyoeleweka, hapo usisubiri kliniki wala ruhusa yake, mpeleke siku hiyo hiyo na msimwache peke yake.

Afande Mstaafu

Dada kuhamishwa kitengo inawezekana na sio kushindwa. Jeshini hakuna uzimaji na uokoaji peke yake, kuna ukaguzi wa majengo na kuna elimu kwa umma, na huko wanahitajika watu kama yeye kuliko anavyojua. Mtu aliyekata nondo za nyumba ya kupanga kwa ajili ya wanawe, mpeleke akakague mabweni ya shule uone kama kuna mlango wa dharura utabaki na kufuli. Ataokoa watu wengi kabla moto haujawaka na hataskia sauti zao usiku.

Barua aandike ye mwenyewe, fupi, ipitie kwa mkuu wa kituo kufuata ngazi, asiruke. Asiandike nimechoka wala asimtaje aliyemwita laini. Aandike anaomba kutumika kwenye ukaguzi au elimu kwa muda, ataje uzoefu wake wa matukio kama sababu, na kama daktari atampa cheti cha usingizi aambatanishe. Aombe kwa muda, hiyo itamrahisishia yeye kurudi na wakubwa kukubali.

Alafu kuna jambo dogo la wifi yako. Hizo sare za kazini asizifue pamoja na nguo za watoto, na zisiingie chumbani. Wataalam wa saratani wa Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 waliiweka kazi ya zimamoto kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani, masizi yale sio uchafu wa kawaida. Beseni la peke yake, glavu, zikauke nje.

Akishakubali kuandika njoo inboksi na rasimu yake, nitaisoma kabla hajaipeleka.